Birere: sauti ni nyingi, kinachokosa ni mapatano

Mjini Goma, kijana mwenye kompyuta, kaske na spika mbili anaweza kukaa chumbani kwake Birere na kutengeneza biti tatu kwa juma moja. Programu anaipata, sauti za ngoma na gitaa anazipata, mafunzo anayatazama kwenye simu. Lakini biti ikiisha, swali linabaki: nani ataimba juu yake? Kuna watengenezaji wa muziki wenye mafaili makumi kwenye mashini, na bado hawajatoa hata wimbo mmoja wenye sauti ya mtu.

Hii si kwa sababu sauti zimekosa. Birere, kati ya maduka, Petite Barrière na barabara zinazopanda kuelekea uwanja wa ndege, ni pahali pa watu wengi na kelele nyingi, na watu wanaimba kila siku. Asubuhi ni ibada, jioni ni mazoezi ya kwaya, siku ya posho ni arusi. Shida inaanza pale prodyuza anapomwita mwimbaji studio. Kuna waimbaji waliokwisha kuitwa, wakaimba bure, kisha wimbo ukatoka bila jina lao, ao haukutoka kabisa. Mtu aliyepita katika hali hiyo, ukimwita tena, anasita. Ndiyo maana kutafuta mwimbaji ni kwanza kutafuta kuaminiwa.

Makala hii inaeleza namna prodyuza anayeanza anaweza kupata waimbaji hapa mjini, namna ya kuchagua sauti inayofaa wimbo, na mambo gani yaongelewe kabla ya mtu kusimama mbele ya mikro.

Prodyuza ni nani?

Hapa kwetu majina yanachanganyika. Bitimeka ni yule anayetengeneza mdundo. Aranjeri anapanga vyombo na sauti za kuitikia. Fundi wa sauti, ambaye wengi wanamuita enjenia, anarekodi na kusawazisha. Prodyuza ndiye anayebeba wimbo mzima: anachagua biti, anatafuta mwimbaji, anaongoza kurekodi, na mara nyingi ndiye anayelipa gharama.

Katika studio ndogo za Birere, mtu mmoja anafanya kazi hizi zote ine. Hakuna ubaya. Lakini mwimbaji anayeitwa anakosa kujua anaongea na nani. Je, ni mtu anayetaka kumuuzia biti? Ni mtu anayetaka kumlipa kwa kazi ya siku moja? Ao ni mtu anayetaka washirikiane?

Kwa ufupi, kuna njia tatu. Ya kwanza: mwimbaji analipa studio na biti, na wimbo unakuwa wake. Ya pili: prodyuza anamlipa mwimbaji kwa kazi yake, na wimbo unabaki wa prodyuza. Ya tatu ni ushirika: mmoja analeta biti na studio, mwingine analeta maneno na sauti, na wote wawili wanagawana kinachoingia. Kila njia inaweza kuwa nzuri. Ugomvi unakuja wakati prodyuza anafikiri wako katika njia ya pili, na mwimbaji anafikiri wako katika ya tatu.

Kwenda pale watu wanaimba

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kukaa studio na kungoja. Prodyuza anaandika kwenye statusi ya WhatsApp kwamba anatafuta waimbaji, kisha anangoja simu ilie. Wanaokuja ni wale wanaojua kujitangaza, na mara nyingi si wao wenye sauti inayohitajiwa.

Historia ya muziki wa Kongo ina mfano mzuri. Mwaka 1952, Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika na mashini yake ya kurekodi, alifika Jadotville huko Katanga, mji tunaouita leo Likasi. Hapo alimkuta kijana akipiga gitaa na kuimba kwa Kiswahili. Kijana huyo alikuwa Mwenda wa Bayeke, anayejulikana sana kwa jina la Jean Bosco Mwenda. Wimbo wake Masanga ulirekodiwa, na mpaka leo wapiga gitaa wa nchi nyingi wanaujifunza. Tracey hakungoja mwimbaji aje mlangoni. Alibeba mashini akaenda pale muziki ulikuwa.

Goma nayo ina mfano wake. Innoss'B, aliyezaliwa hapa mwaka 1997, alianza kuimba angali mtoto pamoja na kaka zake katika kundi la Maisha Soul. Mwaka 2010 alishinda shindano la waimbaji la kampuni ya Vodacom. Mwaka 2019 wimbo wake Yo Pe ukapata toleo jipya pamoja na Diamond Platnumz wa Tanzania. Tuangalie mupangilio huo: kwanza ndugu wa nyumba moja, kisha shindano, na mwisho nyota wa inchi jirani. Vijana wengi wanataka kuanzia mwisho. Wanamwandikia mwimbaji mkubwa asiyewajua, naye hajibu, wakati nyuma ya nyumba yao kuna mtoto wa jirani anayeimba vizuri kila jioni akiosha vyombo.

Dar es Salaam pia inafundisha jambo. P-Funk Majani wa studio ya Bongo Records alijulikana pamoja na wasanii aliofanya nao kazi, kama Juma Nature na Professor Jay. Jina la prodyuza na majina ya waimbaji yalikua pamoja. Hakuna aliyengoja mwenzake awe mkubwa kwanza.

Wapi pa kutafuta

Pahali pa kwanza ni makanisa. Kwaya za Wakatoliki, za CBCA, za CEPAC, za Waadventista na za makanisa ya uamsho ndizo shule kubwa za sauti katika mji huu. Mtu aliyeimba miaka mitano katika kwaya anajua kushika sauti yake wakati wengine wanaimba sauti nyingine, anajua kupumua, na anajua kufika mazoezi kwa saa. Hizo ni sifa ambazo prodyuza atazihitaji.

Lakini kwaya ina wenyewe. Kuna rais wa kwaya na kuna maestro. Prodyuza anayempitia mwimbaji kwa siri, akamtoa bila wakubwa kujua, anaweza kumletea matatizo. Tena kuna makanisa yasiyokubali waimbaji wao kuimba nyimbo za dunia. Ni vema kumwendea maestro kwanza, kusalimu, na kusema wazi: wimbo ni wa aina gani, unahusu nini, utatoka wapi. Akikataa, umepoteza siku moja. Ukificha na ikajulikana, umefunga mlango wa kwaya nzima, na kwaya zinaongea kati yao.

Misikiti ya Birere nayo ina vijana wa kaswida, waliozoea kuimba kwa pamoja na kushika mdundo kwa ngoma tu. Heshima ni ileile: kuongea kwanza na mwalimu wao.

Pahali pa pili ni arusi na sherehe. Waimbaji wa arusi wamezoea kuimba masaa mengi mbele ya watu wanaokula na kuongea, na wanajua nyimbo za lugha nyingi. Ukitaka kuongea na mmoja wao, usimsumbue akiwa kazini. Ngoja amalize, umwachie namba, umtafute kesho yake.

Pahali pa tatu ni vituo vya utamaduni na majukwaa. Foyer Culturel de Goma imefundisha vijana wengi muziki. Tamasha la Amani, lililofanyika mara ya kwanza Februari 2014 pale Mwanga, liliwapandisha wasanii wa hapa kwenye jukwaa moja na wageni wakubwa. Hata pasipo tamasha, waliopita pale bado wanaishi mjini na wanajuana. Ukimpata mmoja, muulize: nani mwingine anaimba vizuri na anashika neno lake? Swali hilo la pili ni muhimu kuliko la kwanza.

Pahali pa ine ni studio zingine. Wengi wanaona studio ya jirani kama adui. Lakini fundi wa sauti anajua nani anafika kwa saa, nani anaandika maneno yake mwenyewe, nani anamaliza wimbo kwa saa moja. Kijana anayepiga kinanda kwenye studio ya mwingine na kubadilishana kazi naye anaweza kujua sauti kumi ambazo hangezijua peke yake.

Mwisho kuna simu. Kwenye TikTok na Facebook kuna watu wa Goma wanaojirekodi wakiimba nyimbo za wengine. Usiangalie tu hesabu ya wanaowafuata. Funga macho usikilize: anashika toni? Anasema maneno yakasikika? Ana namna yake, ao anaiga tu? Na usisahau wale waliofika mjini wakikimbia vita kutoka Rutshuru, Masisi na kwingine. Kati yao kuna wanaoimba kwa Kinande, Kihunde, Kinyarwanda ao Mashi, na wengi hawajapata hata siku moja mtu wa kuwauliza kama wanaimba.

Sauti nzuri na sauti inayofaa

Kuna kazi inayoharibika kwa sababu biti ilimalizwa kabla ya mwimbaji kupatikana. Prodyuza ametengeneza wimbo katika toni anayoipenda yeye. Mwimbaji anakuja, sehemu ya juu anashindwa kufika, ao sehemu ya chini sauti inazama. Wanasema mwimbaji hajui. Kumbe toni ndiyo haimfai.

Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kumaliza biti, mwombe mwimbaji aimbe kiitikio bila chombo, pale anaposikia vizuri yeye mwenyewe. Tafuta toni hiyo kwenye kinanda, kisha peleka biti pale. Kama vyombo bado viko ndani ya programu kama noti, kupandisha ao kushusha nusu-toni mbili ao tatu ni kazi ya dakika moja na hakuharibu kitu. Kama biti ilikwisha kuwa faili moja la sauti, kuvutavuta kunaleta mlio mbaya.

Jambo lingine ni nafasi. Biti inayotengenezwa ili ipendeze peke yake mara nyingi imejaa: kinanda, filimbi, gitaa, vyote vinaongea pamoja. Mwimbaji akiingia anakosa pa kusimama. Pale atakapoimba, punguza vyombo viwili ao vitatu. Vitarudi yeye akinyamaza.

Namna ya kumwandikia mtu

Ujumbe wa kwanza ndio mlango. Ujumbe unaosema tu kwamba biti ni kali na mtu aje atoke nyota, hauna habari yoyote ndani. Mwimbaji anataka kujua wewe ni nani, ulimsikia wapi, unataka nini, itachukua saa ngapi, na nani atalipa. Mfano unaweza kuwa hivi:

«Jambo dada. Niko ndugu wa hapa Birere, natengenezaka muziki. Nilikusikia siku ya Mungu ukiimba solo, na niliongea kwanza na maestro wenu. Niko na biti moja ya polepole, inatafuta sauti ya mwanamuke. Nakutumia sekunde 60 tu usikilize. Kama inakupendeza, tufanye jaribio siku ya posho saa tisa, unaweza kuja na ndugu yako. Jaribio halilipishwe na halitatoka inje. Tukipatana kuendelea, tutaandika nani anaweka nini na nani anapata nini. Kama haikupendeze, hakuna tatizo.»

Kama ni mtu mkubwa kwa umri, mwite mama, papa ao yaya, kama anavyoitwa na wengine. Sekunde 60 zinatosha. Kutuma biti nzima kwa mtu ambaye hamujapatana kunaweza kuleta wimbo ambao haukuutaka. Na kama hajajibu kwa siku tatu, kumbusha mara moja, kisha mwache.

Usalama wa wasichana na watoto

Wasichana wengi wenye sauti hawaendi studio, na sababu wanaijua wenyewe. Studio iko chumba cha nyuma, mlango unafungwa kwa sababu ya kelele, kazi inaenda mpaka usiku, na anayeamua kama wimbo utatoka ni mwanamume mmoja. Kuna wanaotumia hali hiyo vibaya, na kila anayefanya hivyo anawaharibia wote jina.

Prodyuza anayetaka kufanya kazi na wasichana anapaswa kupanga mambo ili wasiogope. Arekodi mchana. Amruhusu mwimbaji kuja na ndugu ao rafiki, na huyo akae ndani, si inje. Kusiwe na pombe. Mazungumzo ya kazi yaandikwe mchana, si saa sita za usiku. Na wimbo usifungwe na jambo lingine lolote: aliyeimba ameimba, kazi yake ni kazi.

Kwa watoto kuna pia sheria. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajafikia miaka 18. Kama mwimbaji ana miaka 15, mapatano yafanywe na wazazi ao mlezi wake, si na yeye peke yake, na masaa ya studio yasile masaa ya masomo.

Kurekodi katika kelele za Birere

Nyumba nyingi ni za mbao na mabati. Mvua ikinyesha, kazi imekwisha. Pikipiki, jenereta, maduka yenye spika mlangoni, vyote vinaingia kwenye mikro. Studio ndogo inaweza kutumia magodoro na mablanketi mazito nyuma na pembeni ya mwimbaji. Hayazuii pikipiki, lakini yanazuia sauti kurudi kutoka ukutani. Kwa pikipiki dawa ni saa: asubuhi mapema, kabla maduka hayajafunguliwa. Umeme nao unakatika, kwa hiyo hifadhi kazi kila baada ya kipande kimoja. Mwimbaji aliyeimba vizuri mara moja, kisha faili ikapotea, haimbi vile tena siku hiyo.

Mara nyingine mwimbaji yuko mbali: Bukavu, Beni, Gisenyi, ao kambi ya wakimbizi Uganda. Hakuna lazima asafiri, tena saa za mpaka zinabadilika. Anaweza kurekodi pale alipo na kutuma. Lakini lazima kuelewa jambo moja: sauti inayotumwa kama vokali ya WhatsApp imebanwa sana ili iwe nyepesi. Inafaa kwa kujaribu, haifai kwa wimbo wenyewe. Arekodi kwa faili la WAV na alitume kama dokima. Dakika moja ya sauti ya WAV ya mikro moja, kwa kipimo cha biti 24 na kilohezi 48, inafika karibu megabaiti 9. Sauti ya dakika tatu ni kama megabaiti 26. Ni mega nyingi kwa mwimbaji, kwa hiyo prodyuza amtumie za kutosha. Ni jambo dogo, na linaonyesha kwamba unajua kazi inamgharimu.

Mapatano: hapa ndipo nyimbo nyingi zinafia

Sheria ipo. Kongo ina sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 inayolinda haki za watunzi na haki jirani, ndiyo kusema haki za wanaoimba na za wanaogharimia kurekodi. Haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Shirika la kukusanya haki hizo lilikuwa SONECA tangu 1969, na kuanzia 2011 nafasi yake ikachukuliwa na SOCODA. Lakini sheria na shirika haviwezi kusaidia kama hakuna anayejua nani alitunga nini.

Wimbo Malaika ni fundisho la Afrika Mashariki nzima. Ulijulikana kwa sauti ya Fadhili William wa Kenya, kisha Miriam Makeba akauzungusha duniani. Wengine, pamoja na Adam Salim wa Tanzania, walidai kwamba ni wao waliotunga. Miaka makumi imepita na mabishano hayajaisha, kwa sababu siku za kwanza hakuna karatasi iliyowekwa ambayo wote wangeikubali.

Kwa studio ya Birere, karatasi moja ya daftari inatosha kuanza. Iandikwe kwa Kiswahili ambacho wote wanaelewa, kwa nakala mbili, na shahidi mmoja. Iseme mambo haya: jina la wimbo na tarehe, nani alitengeneza biti, nani aliandika maneno na nani alitunga sauti, nani alilipa nini, majina yataandikwa namna gani wimbo ukitoka, nani ana ruhusa ya kuuweka kwenye YouTube, Audiomack ao Boomplay, na kwa akaunti ya nani, pesa zikiingia zinagawanywa namna gani, na wimbo usipotoka kwa muda fulani, kwa mfano miezi sita, kila mmoja anarudi na nini.

Jambo la gharama linastahili mfano. Tuseme wimbo uligharimu dola 40 za studio na usafiri, alizotoa prodyuza, na kisha ukaingiza dola 100. Kama mulipatana kwamba gharama zinatoka kwanza, zinabaki dola 60, na kila mmoja anapata 30. Kama hamukuongea, mwimbaji anangoja 50. Akipewa 30, anaona ameibiwa dola 20, hata kama prodyuza hakuiba kitu. Dola 20 hizo ndizo zinazovunja urafiki wa miaka.

Ukweli mwingine usemwe pia: nyimbo nyingi haziingizi kitu, ao zinaingiza kidogo sana. Kumwahidi mwimbaji pesa za intaneti ambazo hazijaonekana ni kumdanganya. Kama unaweza kumlipa kitu kidogo siku ya kurekodi, hata usafiri na chakula, fanya hivyo. Tangu mwisho wa Januari 2025, wakati mji ulipochukuliwa na M23 na benki zikafunga milango, malipo mengi yamebaki ya mkononi ao ya simu. Ujumbe wa malipo kwenye simu ni ushuhuda, msiufute. Pesa ya mkononi iandikiwe risiti.

Maneno ya wimbo yana uzito

Kuna hatari ambayo mwimbaji anaibeba kuliko prodyuza. Watu wakikasirishwa na wimbo, hawamtafuti aliyepiga kinanda. Wanatafuta uso na sauti. Goma haijasahau Delcat Idengo, mwimbaji aliyejulikana kwa nyimbo za kukemea, aliyepigwa risasi akafa hapa mjini tarehe 13 Februari 2025 wakati wa kupiga video.

Kwa hiyo maneno yasomwe pamoja kabla ya kurekodi, tena kwa utulivu. Kama prodyuza ndiye aliyeandika, asimwekee mwimbaji mdomoni neno ambalo yeye mwenyewe angeogopa kulisema sokoni Virunga. Mwimbaji awe na haki ya kukataa mstari, na hata kukataa wimbo, bila kuitwa mwoga. Na kama alikuwa amekubali, kisha hali ya mji ikabadilika, awe na haki ya kuomba wimbo ungoje.

Baada ya wimbo kutoka

Mwimbaji wa pili anapatikana kwa namna ulivyomtendea wa kwanza. Wimbo ukitoka, andika jina lake kama mulivyopatana, kwa herufi anazozitaka yeye. Mtumie faili la mwisho kabla ya watu wengine. Ukipeleka wimbo redioni, peleka na majina yote: aliyeimba, aliyetunga, aliyetengeneza biti, waliyoitikia. Mwandalizi wa kipindi akisoma jina la kijana wa kwaya hewani, mama yake akasikia akiwa sokoni, hiyo ni malipo ambayo hayazidi pesa lakini hayasahauliwi.

Na kama wimbo haukutoka vizuri, mpigie simu umwambie ukweli, usikimbie. Birere ni ndogo. Watu wanapitana kila siku njiani, kati ya chukudu na pikipiki, na habari ya prodyuza anayeshika neno lake inazunguka kati ya kwaya na kwaya bila tangazo lolote. Baada ya nyimbo mbili ao tatu za namna hiyo, waimbaji ndio watakaoanza kuuliza studio yake iko wapi.